Yesu Mwenye Glavu

Juma lililopita simu ilinikuta kazini hapa Columbus: yule Mkongomani aliyechora jalada la albamu lililozua kelele makanisani mwetu amefariki nyumbani kwake Black Rock, Buffalo. Moyo ulimsimama akipanda ngazi. Wasomaji wangu wasiolijua jina lake bila shaka wanalijua jalada lenyewe, maana tulitumiana kwenye simu hata baada ya kukatazwa. Nimerudi kutoka mazishini nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Tuliwahi kuwa majirani Whitehall, hapa Columbus. Kwao Bukavu alikuwa mchoraji wa mabango. Hapa alitunza wazee, akiwageuza kitandani, akiwaogesha na kuwalisha. Kwaya ya akina mama wa Kivu walioko Louisville ilipomaliza kurekodi albamu yake, ikamwomba picha ya jalada. Akamchora Yesu amepiga magoti kwenye sakafu ya vigae, amevaa sare ya buluu ya watunza wazee, kitambulisho cha kazi shingoni na glavu mikononi, akimwosha miguu mzee wa Kizungu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Aliponionyesha, nilimwambia watu watasema. “Bon, waseme,” akajibu. “Yesu alioshaka miguu ya watu. Na mi niko naosha kila siku. Nilichora ile najua.”

Akina mama waliipenda picha hiyo, kwa kuwa wengi wao wanafanya kazi hiyo hiyo. Mchungaji wao hakuipenda. Siku ya kuzindua albamu, mchoraji akiwa ameketi mbele kama mgeni wa heshima, mchungaji alilitangazia kanisa zima kwamba picha ile ni matusi kwa Bwana, na kila aliyenunua sidii airudishe. Albamu ikatolewa upya ikiwa na picha ya tai akiruka juu ya maporomoko ya maji. Habari zilifika Columbus kabla ya mwenyewe kurudi, na kanisani kwake watu wakaanza kumkwepa. Baadaye akahamia Buffalo na mkewe. Sikusikia tena kwamba ameshika brashi.

Matusi yalikuwa wapi? Tumezoea kumwona Yesu katika kanzu nyeupe, nywele zimechanwa vizuri, na hakuna anayeuliza nani aliifua kanzu hiyo. Kilichowachoma watu ni sare. Sisi Wakenya tuliokuja kusoma tukipiga simu nyumbani tunasema tuko “upande wa afya”, na hapo tunabadilisha mazungumzo. Wenzetu wa Kongo nao wana maneno yao ya kufunikia. Kazi inayowasomesha watoto wetu na kujenga hayo makanisa tunaionea haya, kisha mtu akiiweka mikononi mwa Kristo, tunamwita mkufuru. Huo ni woga tu, na tuliupaka rangi ya uchaji.

Mazishini Buffalo nilikuta jalada lile limechapwa kubwa kama mlango, limesimamishwa kando ya jeneza. Aliyelileta ni mchungaji yule yule wa Louisville. Alishika kipaza sauti akamsifu marehemu kama nabii wa rangi, zawadi ya Mungu kwa watu wetu. Mjane akainuka, akamwendea taratibu.

“Papa pasta,” akasema, “ile siku ulisema hii picha ni nini?”

Mchungaji akainamisha kichwa. “Mama, wakati ule tulikuwa hatujaelewa.”

“Hapana. Mulielewa. Muliona haya.” Hakupaza sauti. “Bwana yangu alingojaka simu yako miaka yote. Sasa uko naongea na sanduku.”

Akawaomba vijana watoe picha ile nje. Wakaitoa, na akina mama wa kwaya wakasimama mmoja mmoja, wakaifuata, wakaimba huko barazani hadi ibada ilipokwisha. Mchungaji alibaki mbele na kipaza sauti chake.

Nimesikia wengine wakimlaumu mjane kwamba alimwaibisha mtumishi wa Mungu siku ya msiba. Mimi namshukuru. Mtu alihukumiwa mbele ya umati, akaachwa anyamaze hadi kufa, kisha aliyemhukumu akaja kujisafisha kwa hotuba tamu mbele ya maiti asiyeweza kumjibu. Tusiendelee kuyaita hayo heshima. Msamaha huombwa kwa mtu ambaye bado anaweza kuukataa.