Fundi Nje na Gazeti Lililoomba Radhi

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa vitasa vya milango, na mtaa mzima unamwita Fundi Nje. Akilisikia jina hilo husaga meno.

Chanzo ni gazeti la miaka ishirini na miwili iliyopita, mimi hata kuzaliwa bado. Ukurasa wa tatu, herufi nene kama kidole gumba: FUNDI VITASA AJIFUNGIA NJE. Chini yake, picha ya mjomba kakaa kizingitini pa duka lake, shati limelowa jasho, anautazama mlango kana kwamba umemtukana.

Ukweli naujua, maana mambo yake nayaona kila siku. Kila kitasa kipya anachotengeneza, mjomba hukifunga mlangoni, ufunguo akauacha ndani, kisha akajaribu kuingia kama mwizi. Akifaulu kabla ya robo saa, kitasa hicho hakiuzwi. Siku ile alihangaika saa mbili nzima. Hajawahi kutengeneza kitasa bora kuliko kile, na ndipo mwandishi wa habari akapita.

"Angeuliza tu!" mjomba hulalamika mpaka leo. "Mdomo si ninao? Kapiga picha, kaniambia 'pole mzee', kaenda zake. Mzee! Nilikuwa na miaka ishirini na tisa!"

Mwaka huu zahanati mpya ilitafuta fundi wa milango arobaini. Mjomba aliitaka kazi ile mpaka chakula kikamshinda. Mganga mkuu akamtazama kuanzia unyayo hadi utosi.

"Wewe si ndiye yule aliyejifungia nje?"

Akampa mpaka Ijumaa alete chochote cha kumsafisha.

Mjomba akakumbuka kwamba zamani hizo alikwenda kulalamika gazetini, wakaahidi kusahihisha. Walisahihisha? Hakujua, kwa sababu alikuwa ameapa kutolinunua tena. Basi mimi, na sare yangu ya shule, nikaenda maktaba kutafuta.

Mkutubi alinibwagia majalada mezani, vumbi likanipigisha chafya tatu. Nakiri sikwenda moja kwa moja kwenye habari ya mjomba. Nani angeweza? BOMBA LA MAJI KUKAMILIKA MWEZI UJAO. Ningependa kuisomea ndoo ninayobeba kila asubuhi habari hiyo. DARAJA JIPYA KUDUMU MIAKA MIA. Nikafunua matoleo sita mbele, baada ya mvua: DARAJA LATAFUTWA. Kisha huyu: MTAALAMU ASEMA SIMU ZA MKONONI NI UPEPO WA KUPITA. Nilicheka hadi mkutubi akanikata jicho, halafu nikapandwa na hasira. Mbona huyu haitwi Mtaalamu Upepo? Mbona aliyejenga daraja hafuatwi na watoto barabarani? Wao walikosea kweli, na jina la kubeba kabebeshwa mjomba, ambaye hakukosea kitu!

Mwishowe nikaipata, mistari mitatu imejibana chini ya tangazo la kukatika kwa maji:

"Tunaomba radhi. Juzi tuliandika kwamba fundi vitasa alijifungia nje kwa bahati mbaya. Ukweli ni kwamba alijifungia kwa makusudi."

Nukta. Hakuna zaidi.

Mjomba aliisoma mara mbili, midomo ikimcheza. "Makusudi! Na sababu je? Wino uliwaishia?"

Hatukuwa na kingine. Ijumaa tukaipeleka hivyo hivyo. Mganga mkuu alisoma, akavua miwani.

"Kwa makusudi? Fundi, mimi miaka yote nilidhani ni ajali!"

Mjomba akaanza kueleza: mwizi, robo saa, ufunguo ndani. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mtu asiyelala vizuri. Akaambulia milango minne ya vyoo.

"Huko hata ukimfungia mtu," mganga akasema, "si haba, yuko mahali pazuri."

Milango thelathini na sita akapewa fundi mwingine.

Siku ya ufunguzi viti vilijaa uani, waandishi wa habari mbele. Mganga mkuu akaingia ofisini kuchukua hotuba, upepo ukaubamiza mlango, kitasa kikagoma. Ufunguo ukazunguka bure. Fundi aliyekiweka akapigiwa simu, haipatikani. Kutoka ndani tukasikia ngumi na sauti:

"Jamani, mwiteni Fundi Nje!"

Mjomba alikuwa akikaza parafujo ya mwisho chooni. Akaja polepole, akainama mlangoni.

"Naam, mganga. Niko nje, kama kawaida."

Dakika nne tu, kwa waya na kipande cha plastiki. Mganga akatoka ametota jasho, hotuba imemkunjika mkononi. "Ving'oe vyote," akasema. "Weka vya kwako, hivyohivyo vya kujifungia kwa makusudi."

Kazi ikapatikana. Usiku ule mjomba alikula sahani mbili. Asubuhi akavunja kiapo chake cha miaka ishirini na miwili, akanunua gazeti.

MPITA NJIA AMWOKOA MGANGA MKUU.

"Mpita njia!" Jina lake halikuwamo, wala neno fundi. Kwenye picha kulikuwa na mganga anayetabasamu na, pembeni, kisigino cha mjomba.

Akavuta kiti, akatwaa karatasi. "Nawaandikia. Safari hii hawanikwepi."

Nikaidaka kalamu. "Mjomba, nakuomba, waache," nikamwambia. "Wataomba radhi."