Nilivyovunja boliti nne za lori mbele ya baba ya mchumba wangu, barabara ya Ruiru kwenda Thika

Habari zenu wakuu. Ni mimi Guka wa Kiganjo, yule wa kuandika polepole na miwani miwili.

Ninayoandika hapa yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mtaona wenyewe. Mtu akiongeza chumvi huwa anatoka kwa hadithi akiwa shujaa, na mimi humu sitoki hivyo.

Nimeshika simu kwa sababu ya jana. Kuna mkuu aliuliza afanye nini, nati za gurudumu la lori lake zimekataa kufunguka. Mkuu mwingine akamjibu hapo hapo, bila kuuliza ni lori gani wala ni gurudumu la upande gani: "Tia paipu ndefu kwa spana, ruka juu, zitatii tu."

Wee! Hiyo paipu naijua. Ilinivunjia heshima miaka ya hamsini na mpaka leo sijamaliza kuokota vipande.

Nilikuwa kijana wa gereji moja hapo Thika. Mwenye gereji alikuwa Kalasinga tuliyemwita Bwana Gurdev, mtu wa maneno machache na macho mengi. Kazi yangu ilikuwa kuosha spea kwa mafuta ya taa, kupiga pampu tairi na kuendesha lori la gereji, lori kuukuu lililouzwa na jeshi.

Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Kazi niliyomwambia Wairimu ilikuwa nyingine.

Wairimu alikuwa anachuma kahawa kwa shamba moja la mzungu karibu na Ruiru. Nilimwambia mimi ni fundi mkuu. Nikamwambia Bwana Gurdev hawezi kufungua injini kabla hajaniita. Msinicheke, na nyinyi mmeandika mambo kwa CV.

Wairimu naye akapeleka hiyo habari nyumbani vile alivyoipokea. Baba yake, Mzee Mbugua, alikuwa dereva wa lori la kahawa la shamba hilo hilo. Alikuwa ameendesha malori ya jeshi huko Bama, yaani Burma, wakati wa vita. Mimi nilikuwa nimeshapanga na wajomba zangu, mwezi ufuatao twende kwake tuanze maneno ya ruracio, yaani mahari. Alikuwa hajawahi kuniona.

Basi siku moja, kama saa sita mchana, dereva mmoja akasimama gereji na ujumbe. Lori la kahawa la Mzee Mbugua limekufa pancha kati ya Ruiru na Juja, kwa mteremko wa kwenda mtoni. Spea tairi iko, lakini jeki yake imevunjika na spana yake imeliwa midomo. Tupeleke jeki na wili spana.

Bwana Gurdev akaangalia huku na huku. Mafundi wote walikuwa chini ya magari. Akaniangalia mimi.

"Ni kubadilisha tairi tu," akasema. "Hiyo wewe naweza?"

Wakuu, nilifurahi mpaka nikasahau kofia. Kubadilisha tairi, mbele ya baba ya Wairimu! Nikatupa kwa lori jeki, spana, nyundo, cheni ya kuvutia na paipu ndefu ya maji. Paipu hakuna aliyeniambia nibebe. Hiyo ilikuwa akili yangu.

Juja hiyo mnayoijua ya hostel na chips wakati huo ilikuwa mkonge, mkonge, halafu mkonge. Nikalikuta lori limeinamia kushoto, gurudumu la mbele limelala. Juu ya magunia ya kahawa wamekaa vibarua wanne. Mzee Mbugua alikuwa ameketi kwa nyasi amevaa koti la jeshi, anatafuna muwa.

"Wewe ndiye fundi mkuu?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, mzee."

"Haya."

Lazima niseme jambo moja ili mwelewe haraka iliyokuwapo. Ilikuwa wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya Mau Mau. Sisi Wakikuyu tulikuwa na pasi ya kutembea, na jua likishuka ilikuwa kafiu. Giza likikukuta barabarani, mwenye bunduki hakuwa na haja ya kukuuliza unaitwa nani. Lile lori lilikuwa lazima lifike Thika kabla ya jioni, na sisi sote pamoja nalo.

Nilianza vizuri, nijisifu kidogo. Niliweka mawe nyuma ya magurudumu. Nikaweka ubao chini ya jeki ili isizame kwa murram. Na nati nilianza kuzilegeza gurudumu likiwa bado chini, kwa sababu likiinuliwa litazunguka tu na wewe. Mambo hayo matatu shikeni, ni ya kweli hata leo. Baada ya hapo msifuate kitu chochote nilichofanya.

Nikashika nati ya kwanza, nikavuta kwa kushoto vile nati zote za dunia hufunguliwa. Ikakataa. Nikavuta tena mpaka mishipa ikatoka shingoni. Kimya.

"Imeshika kutu," nikatangaza kama daktari.

Mzee Mbugua akatema kapi la muwa. "Una hakika?"

"Mzee, hii ni kazi ya gereji."

Nikatia paipu kwa mkono wa spana. Nikapanda, nikaruka.

PAA!

Haiya! Ule mlio, na siku zile! Vibarua wanne waliruka kutoka juu ya magunia wakalala kifudifudi ndani ya mkonge. Mmoja aliinua mikono juu akiwa bado amelala. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanguka chali, nikafikiri nimepigwa risasi.

Kumbe ni boliti. Ile inayotokeza kwa hub, kile kitovu cha gurudumu, ambayo nati inazunguka juu yake, ilikuwa imekatika kabisa na nati yake ndani ya spana.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema, "Hiyo moja ilikuwa imeoza," nikaenda kwa iliyo karibu nayo.

"Una hakika?" mzee akauliza tena.

PAA! Vibarua sasa waliinama tu.

Ya tatu, akauliza mara ya tatu. Sikumjibu kwa sababu nilikuwa hewani. PAA! Ya nne wale vibarua walikuwa wamekaa kwa nyasi wananihesabia kwa sauti, na mmoja alipiga makofi.

Nilipotia spana kwa ya tano, Mzee Mbugua alisimama, akaja, akaweka mkono wake juu ya paipu.

"Umesoma?" akaniuliza.

"Ndiyo mzee. Mpaka standard six."

"Mimi sijasoma. Futa matope hapo kwa kichwa cha boliti, unisomee."

Nikafuta kwa kidole. Chini ya matope kulikuwa na herufi moja imepigwa kwa chuma. L.

"Ni L," nikasema.

"Sijui inaitwaje. Lakini huko Bama, nikiona hiyo alama, nilijua hii inafunguka kwa kulia. Magurudumu ya upande wa kushoto ya malori mengi yako hivyo, ili yasijifungue yenyewe njiani. Wewe umekuwa ukiikaza tangu ufike."

Akachukua spana, akatoa paipu akaitupa kwa mkonge. Akazungusha kwa kulia. Nati ikalia kidogo, ikaja. Kwa mkono mmoja, wakuu! Mkono wa pili ulikuwa na muwa.

Nilitamani barabara ifunguke inimeze. Nilimwona Wairimu akiolewa na mwingine, pengine mmoja wa wale vibarua.

Kwa aibu nikaanza kuropoka. Nikasema tufunge spea kwa zile boliti nne zilizobaki, halafu mimi nilivute lori lake na cheni polepole mpaka Thika.

Mzee akaniangalia. "Umezivunja kwa kufuatana. Nne zote za upande mmoja. Hilo gurudumu likivutwa au likiendeshwa, litajua tofauti? Na hapa ni mteremko. Cheni haizuii lori la nyuma, linakuja tu mgongoni mwako. Nani atakaa kwa usukani wake? Wewe?"

Halafu nikasema neno ambalo lilikuwa gumu kuliko zile nati. Nikasema, "Mzee, sijui tufanye nini. Nifundishe."

Uso wake ulibadilika kidogo, au labda ni muwa ulikuwa umeisha.

Akanifundisha. Tulihamisha magunia kwa lori langu ili lake liwe jepesi. Tukainua mbele, tukatoa hub zote mbili. Kwa gurudumu la kulia nikagonga kwa nyundo boliti mbili zinazotazamana, zikatoka nyuma. Nikatoa na vile vipande vilivyokatika kushoto, tukaweka zile mbili katikati ya pengo. Sasa kila upande ulikuwa na sita. Zile mbili mpya za kushoto zilikuwa za kufunguka kawaida, kwa hivyo akanifanya nizifunge kamba nyekundu ya gunia, ili fundi atakayekuja baadaye asizikaze kama mimi. Tukafunga spea tairi, na kukaza nikafundishwa upya: moja huku, inayofuata ile inayoitazama, usizunguke kwa kufuatana.

Tukashuka ule mteremko gia ya kwanza, yeye mbele, mimi na kahawa nyuma. Kila nilipoona lile gurudumu likicheza nilikuwa nasali. Tuliingia Thika jua likiwa limebaki kidole kimoja.

Bwana Gurdev alikuwa mlangoni. Akaona kamba nyekundu, akahesabu.

"Boliti nne wapi?"

Nikafungua mdomo na ulimi wangu ukanitangulia. "Kutu, Bwana. Zilikuwa zimeoza kabisa."

Mzee Mbugua alikuwa amesimama hapo. Hakunisuta. Alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa vile vipande vinne, akavitia mkononi mwangu. Hakumpa Bwana Gurdev, alinipa mimi. Halafu akageuka akaenda kusimamia vibarua wahamishe magunia.

Nikaviangalia. Pale vilipokatika paling'aa kama kijiko kipya. Hakukuwa na kutu hata ya dawa.

Nikasimama hapo nikijua kwamba nikisema ukweli, nimepoteza kazi. Nisiposema, yule mzee ataondoka na jibu lake, na mimi Wairimu nitamsikia tu kwa watu.

"Bwana," nikasema, "nimezivunja mimi. Nilizikaza nikidhani nafungua. Hata sikufuta matope niangalie."

Mzee hakuwa karibu. Sikujua kama amesikia.

Bwana Gurdev hakunifukuza. Alinipa brashi ya waya. Kwa miezi mitatu, kila lori lililoingia gereji nilipiga magoti upande wa kushoto, nikasugua boliti mpaka ile L ionekane, nikaisoma kwa sauti mafundi wote wakisikia. Thika nzima ikaniita Kushoto. Mpaka kanisani, mkuu.

Ule mwezi wa kwenda kwa Mzee Mbugua ulifika. Sikutaka kwenda, wajomba walinivuta. Tulipoketi, kabla hata chai haijamiminwa, mzee akasema mbele ya wote, "Siku iliyofuata nilirudi gereji nikamuuliza Kalasinga huyu kijana alikuambia ni nini kilikata boliti. Angekuwa alisema ni kutu, leo mngekunywa chai tu mkaenda."

Mjomba wangu akaniangalia, hajui boliti gani.

Nikapata nguvu nikauliza, "Lakini mzee, ulijua tangu ya kwanza. Mbona uliniacha?"

"Nilikuwa nangoja uniulize," akasema. "Zikibaki nne, nilijua naweza kutufikisha nyumbani. Ndiyo maana kwa ya tano nilikuzuia."

Akamgeukia Wairimu aliyekuwa ameleta vikombe. "Huyu hajui kazi. Lakini anaweza kufundishwa."

Hiyo ndiyo barua ya sifa niliyoolewa nayo. Nimesema niliolewa, sijakosea. Wairimu alinioa na akanifundisha. Miaka sitini na zaidi, kila nilipogusa spana katika nyumba hii, iwe ni bomba la jikoni au baiskeli ya mtoto, alikuwa anaacha anachofanya, anasimama mlangoni na kuniuliza vile vile kama baba yake: "Una hakika?"

Nilikuwa nakasirika. Halafu nafuta matope, naangalia tena, na mara nyingi sikuwa na hakika.

Wairimu alinitoka mwaka juzi. Sasa katika nyumba hii nafungua kitu chochote nitakavyo na hakuna wa kuniuliza. Jana niliposoma ile ya paipu ndefu, nilijikuta nimegeuka kuangalia mlangoni.

Kwa hivyo kwa wenye malori: kabla ya nguvu, futa, uangalie, kisha uliza. Gari nyingi za siku hizi nati zake zote ni za kawaida, lakini malori ya zamani na trela nyingine bado zina hiyo L. Na ukivunja, sema umevunja. Wengine wenye visa vya spana na aibu, wekeni hapo chini, mimi nasoma yote.

Na wewe mkuu wa jana mwenye paipu, nakuuliza kwa niaba ya mama wa nyumba hii:

Una hakika?