Fundi aliyeamriwa na mwanafunzi wake aache randa

Saa mbili asubuhi, Bruda Philbert Sanga ameshika kijiko cha uji mbele ya mdomo uliofumbwa. Mgonjwa hataki kuufungua.

"Miaka ishirini na mbili nimeshika randa," anasema. "Kijiko hiki kinanishinda."

Philbert, 56, ni mmonaki katika monasteri moja ya Kikatoliki vilimani juu ya Uyole, Mbeya. Alikuwa seremala, milango yote ya nyumba ile ni kazi ya mikono yake. Wiki tatu zilizopita Abati, mkuu wa monasteri, alimwita akamwagiza akabidhi funguo za karakana, akahudumie wagonjwa. Sababu hakumpa.

Mmonaki huapa kumtii abati kama baba. Tabu ni kwamba abati huyu, Liberatus, ana miaka 41, na Philbert ndiye aliyemfundisha kupiga randa alipofika kutoka kwao Iringa. Mwaka jana, wamonaki 38 walipokaa kumchagua abati, Philbert naye alimpa kura yake.

"Nilitoa funguo, nikasema, 'Ndiyo, Baba Abati.' Nikatoka nje, nikakosa pa kwenda. Nimekosa nini? Au ameona nimezeeka?"

Siku nne alilisha wagonjwa bila kuuliza. Ya tano akagonga mlango wa Abati, akauliza.

"Aliinamisha kichwa kama zamani akiharibu ubao," anasimulia. "Akaniambia, 'Bruda, mzee Ezekia alikuwa anakataa chakula cha kila mtu. Siku ile ulipomtengenezea kitanda, ulimlisha akala. Sikuwa na njia nyingine. Hata mimi sijui kama nimeamua sawa. Ila kuamua ni juu yangu.'"

Jibu hilo lilimchanganya zaidi. Amri ya mtu mwenye uhakika, anasema, ni nyepesi kuitii.

Mzee Ezekia, 88, alikula karibu wiki tatu. Tangu juzi amegoma tena.

"Mzee wangu, kidogo tu," Philbert anabembeleza. Mzee anageukia dirisha lenye jua. Philbert anamtazama, anaweka bakuli chini, kisha anampima upana wa mabega kwa viganja.

Anataka kuomba karakana kwa siku mbili, atengeneze kiti cha magurudumu, mzee akale nje juani.

"Abati akikubali, nitashukuru. Akikataa..." Anainua bakuli tena. "Nitambeba mgongoni. Hilo hajalikataza."