Firigisi ya Baba

Harufu ya kuku wa kienyeji akichemka juu ya moto wa magunzi hunirudisha Kitale, likizo ya Agosti, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kwetu kila kipande cha kuku kilikuwa na mwenyewe, na firigisi, kile kinyama kigumu cha tumboni, ilikuwa ya baba. Mwanamke hakuionja hata chumvi. Nafula, binti wa mama mdogo wa Kabuchai, alikaa nasi akisaidia kazi, na baba alikuwa ameahidi kumpeleka sekondari Januari. Yeye ndiye aliyeleta kitabu cha mitumba kisicho na jalada: mji mdogo wa Wazungu ambako mbuzi wa kasisi alikuwa na kiti chake kanisani, na mtu alipouawa watu walikunywa chai hadi mama muuza vifungo akamtaja mwenye hatia. Nafula alisoma kurasa mbili, akakunja ncha, akarudia vyombo. Mimi, mvivu hodari, nilikimaliza. “Usiniambie mwisho, bana,” akanisihi.

Jumapili moja tulikuwa na wageni, na baba alipofunuliwa bakuli lake, firigisi haikuwamo. Nikasimama, nikafuta mdomo kama muuza vifungo, nikaeleza nani aliingia jikoni na nani hakuingia, kisha nikatoa kanuni yangu: mwenye hatia ni yule anayependwa na wote. Kwa hivyo ni Nafula. Wageni wakapiga makofi. “Si mimi, baba mkubwa,” Nafula akasema. Mama alikuwa akikunja kitambaa cha meza. “Anayeiba firigisi ya mwenye nyumba atashindwa na nini?” baba akauliza, na Jumatatu Nafula akarudishwa Kabuchai na sanduku lake. Sekondari ikaishia hapo. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia Nafula.

Baba alipokwisha kuzikwa, siku moja tukichambua maharagwe, mama akasema, “Ile firigisi nilikula mimi. Nilikuwa na mimba ya ndugu yako, nikaitamani.”

“Mbona hukusema, mama?”

“Ulikuwa umeeleza vizuri sana.”

Leo mimi ni mtu wa ndani kama paka, nina kidato cha nne changu na rafu ya vitabu vya aina ile ile, na kesi pekee niliyowahi kutatua niliikosea. Mwezi uliopita nilijikokota hadi soko la Kamukuywa, anakouza nyanya Nafula, nimpelekee ukweli.

“Si nilimwona mama mkubwa akitafuna,” akasema. “Sasa ningesema nini, na ni yeye alinileta?” Akafuta nyanya moja kwa leso. “Kwani ile kitabu, mwenye aliua ni nani?”

Nikamwambia: daktari.

“Na yule walishuku kwanza?”

“Walimwomba msamaha. Wakamkatia keki.”

Nafula akairudisha nyanya juu ya fungu lake. “Hiyo town ni nzuri,” akasema. “Haya, mpelelezi, nikufungie ngapi?”