Kupima Kiini kwa Kete za Keramu

Kazi yangu ni kupima kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwa macho: kiini cha atomu. Napima ukubwa wake na umbo lake. Nikiulizwa Kariakoo nafanya kazi gani, huwa nasema hivyo hivyo bila kupunguza, na mtu akikunja uso namwambia anitafutie meza ya keramu, ule mchezo wa kupiga kete kwa kidole, nimwonyeshe. Sitanii. Kiini changu cha kwanza nilikipima juu ya keramu ya mdogo wangu, kwenye chumba cha nyuma ya duka letu la vitambaa, na siku hiyo nilikuwa nagombania maisha yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuchaguliwa kwenda kidato cha tano kusoma fizikia. Baba hakutaka hata kusikia. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyejua kitenge kizuri kwa kukishika tu, mimi ndiye niliyeweza kubishana na mteja mpaka akacheka na kununua. Kwake yeye duka lilikuwa limeshapata mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa akililia duka hilo tangu ana meno ya utoto, hakuulizwa. Huyo ana kichwa cha shule, alisema Baba, ingawa walimu wake walikuwa bado wanakitafuta.

Nililia, nikanuna, nikasusa chakula. Wapi! Baba akala na sahani yangu.

Jumapili moja alasiri, wateja wakiwa haba na Mama yuko mbele dukani, nikamwendea tena. Nikamweleza alichotufundisha mwalimu: kwamba katikati ya atomu kuna kiini, kidogo kupita kiasi, na watu wamekipima kwa kukirushia vichembe na kutazama vinaelekea wapi vikishagonga. Baba alisikiliza huku anakunja jora. Akaniuliza nani amekiona hicho kiini. Nikasema hakuna. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema basi mnadanganyana, na mwalimu wenu ndiye kinara.

Hapo hasira zikanipanda.

"Baba, ficha kitu," nikamwambia. "Chochote utakacho. Nikikutajia ukubwa na umbo lake bila kukiona, niache nisome."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, kesho duka nafungua mimi."

Maneno yakishatoka hayarudi. Nikaukaza uso.

Mdogo wangu akaleta keramu yake. Tukaimwagia poda, ile tunayotia ili kete ziteleze, safari hii tele, ili kila kete iache njia yake. Nikatoka nje. Baba akaweka kitu chake katikati, akakifunika kwa kipande cha plaiwudi kilichokaa juu ya vikopo vinne vya nyanya, vikiacha uwazi mdogo wa kupitisha kete. Waliponiita, nikaketi upande wangu kama anavyoketi mchezaji yeyote, nikaanza kupiga.

Kete iliyokosa ilipita moja kwa moja ikatokea ng'ambo. Iliyogonga ilirudi. Nikasogea kidole kwa kidole, kutoka kushoto mpaka kulia, nikaona kitu kile kina upana wa vidole vinne tu, na kete zinarudi kivivu, kama zimegonga mto. Nikaona nimemaliza.

"Ni kitu cha duara," nikasema. "Upana vidole vinne, na ni laini."

Baba hakucheka. Alikuwa na sura ya mtu anayeona kesho yake imenyooka. "Hilo ndilo jibu lako?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Wallahi, ilibaki kidogo. Macho yangu yakaangukia keramu. Mbele yangu na ng'ambo poda ilikuwa imechanwachanwa na njia za kete, lakini kushoto na kulia ilikuwa nyeupe, haijaguswa. Nilikuwa nimekitazama kitu kwa upande mmoja nikakiita duara! Na yote kwa sababu kwenye keramu kila mtu hupiga upande wake, na mimi nilizaliwa nikaukuta mchezo unachezwa hivyo.

"Ngoja," nikasema, nikainuka nikahamia upande wa kushoto.

Mdogo wangu akaruka, akasema hairuhusiwi kuhama, hiyo ni faulo. Baba akamwambia aniache.

Nikapiga. Kete ikarudi. Nikasogea, ikarudi. Nikasogea tena na tena, bado inarudi! Katikati ilirudi kwa kishindo mpaka ikanigonga kucha, pembeni ikarudi kivivu. Nikapima kwa mkono wangu, shubiri nzima.

"Nimekosea mwanzo," nikasema. "Si duara. Ni kirefu, shubiri kwa vidole vinne. Ncha zake laini, lakini katikati kuna kitu kigumu. Nadhani chuma."

Baba akainua plaiwudi mwenyewe, taratibu.

Kilikuwa kofia yake, ameiviringisha ikawa ndefu, na ndani yake, katikati, kufuli la duka.

Akaifungua kofia, akaikung'uta, akaivaa na poda yake yote. Kufuli alibaki nalo mkononi, analitazama. Nilijua alikuwa amekusudia kulitia mkononi mwangu. Akaniuliza, "Shule inafunguliwa lini?"

Kabla sijajibu, akamgeukia mdogo wangu, akamtupia lile kufuli.

"Magharibi inaingia," akamwambia. "Kafunge duka lako."

Mama aliyekuwa mbele anasema alidhani kuna harusi jirani. Kumbe kigelegele kile nilikuwa nakipiga mimi, peke yangu, juu ya kiti.