Matairi ya Theluji ya Manzese

Ukisimamisha gari mbele ya banda la Hamida pale Manzese, usitegemee akuangalie usoni. Atainama kwanza, asome namba ubavuni mwa tairi, akandamize mpira kwa ukucha wa gumba, ndipo ainuke akuitikie salamu yako. Wageni huona ni dharau. Majirani wanasema mama yule kazaliwa na hasira. Waongo. Hasira ya Hamida ina tarehe, ilianza masika ya mwaka jana, na mwenye kuianzisha ni yeye mwenyewe, jambo ambalo ndilo linalomuudhi kuliko yote.

Banda lilikuwa la mumewe, marehemu Mwinjuma. Alipofariki, watu walidhani Hamida atarudi kwao Masasi au atauza vitenge. Akabaki na matairi. Miaka saba sasa wanaume wanafika wakimpita kwa macho na kuuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Naye huwajibu, "Umeshamwona," kisha hanyamazi mpaka wameelewa.

Wateja wanaomkera zaidi ni wenye vigari vidogo. Namba ya tairi linalofaa imeandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva, haihitaji elimu, lakini hawaitaki. Wanataka kubwa zaidi ili gari liinuke, kwa sababu barabara za huko wanakojenga zina mashimo. Hamida huwaambia Vitz haijawahi kuwa trekta. Tairi likizidi, siku umepakia watu wanne ukakata kona, linasugua fenda mpaka linachanika. Wengine huondoka wamenuna, naye huwaacha waende.

Halafu kuna matairi ya theluji. Mitumba ya matairi inapokuja kutoka Japani inakuja imefungwa mafungu, huchagui, na katikati ya fungu hukosi manne yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Ubavuni yana kichoro cha mlima wenye chembe ya theluji. Nchi hii theluji iko juu ya Kilimanjaro tu, na huko hakuna Vitz inayopanda. Mpira wake ni laini, kwa joto la Dar unalainika zaidi, na ukishika breki kwenye lami yenye maji gari linaendelea na safari zake. Balaa ni kwamba yanapendeza. Yana kashata nene, meno marefu yenye mikato mingi, na mtu anayekaa kwenye matope akiyaona anadhani ameletewa dawa.

Mwinjuma alikuwa na sheria moja kuhusu matairi hayo. Akiyapata, kabla hayajatoka bandani anachukua kisu cha kukatia mpira na kuyachana ubavu, yote manne, hata kama anayeyachukua ni mtengeneza katambuga anayekwenda kuyakata vipande kwa ajili ya ndala. Hakuwa na maelezo marefu. "Likishachanwa halina barabara tena," alikuwa akisema.

Hamida aliifuata sheria hiyo mpaka alipokuja Valerian. Valerian ni mshona katambuga, kibanda chake kiko hatua chache nyuma ya msikiti, na ni mtu wa kwao Masasi. Wakikutana wanaongea Kimakua, wanaulizana habari za korosho na za misiba. Siku moja alimwambia kwa upole, "Dada, ukiyachana unaniharibia. Ubavu ndio natoa mikanda. Niachie mazima, nitayakata mwenyewe." Hamida akaona ni kweli. Akayaacha mazima. Kabla hajampa, kila tairi lilikuwa na nukta ya rangi nyekundu ya kucha karibu na namba, alama anayoitia kwenye kila tairi linaloingia bandani kwake ili wezi wasimbishie.

Mwaka ule alimpa Valerian seti nne.

Masika yakaingia. Binti yake, Lulu, alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi minane, naye na mumewe Abdulrahman wanaishi Chanika, kwenye nyumba ambayo bado haijapigwa plasta. Ilikubaliwa kama ilivyo desturi kwamba Lulu atakuja kujifungulia kwa mama yake, karibu na hospitali ya Mwananyamala. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika kidogo. Hamida alikuwa amefua mashuka, amenunua beseni jipya, na kila gari dogo likipita alikuwa anainua kichwa.

Vitz ya Abdulrahman ilipoingia, Hamida aliona kwanza kuwa imeinuka. Kisha ilipokata kona kuegesha, akasikia mpira unasugua fenda. Akainuka kwenye kiti.

Abdulrahman alishuka haraka, akainamisha macho kama mkwe anavyotakiwa. "Shikamoo mama."

Hamida hakuitikia. Alikuwa amechutama. Tairi lilikuwa limepakwa dawa nyeusi mpaka linang'aa, kubwa kwa saizi mbili kuliko la kwenye kibandiko, na ubavuni mlima na theluji yake. Akatema mate kwenye ncha ya khanga, akafuta pembeni ya namba. Nukta nyekundu ikatokea.

"Umetoa wapi haya?"

"Kwa jamaa mmoja hapo nyuma ya msikiti, mama. Si unajua kwetu kule, matope. Haya yana kashata."

"Njiani yamekufanyia nini?"

Lulu ndiye aliyejibu kutoka kiti cha nyuma, mkono tumboni. "Yametusereresha pale Buguruni, mama. Lori lilisimama ghafla, sie hatukusimama. Kidogo tu tuingie chini yake."

Hamida akamgeukia Abdulrahman. Alitaka kumtukana huyu kijana na mama yake na waliomlea. "Mie nauza matairi," alisema. "Nauza matairi hapa kila siku ya Mungu. Mke wako ni mwanangu. Kipi kilichokupitisha mlangoni kwangu ukaenda kwa mshona ndala?"

Kijana alitazama chini mpaka kidevu kikagusa kifua. "Nilikuwa naona aibu, mama. Nikija kwako hutapokea hela yangu. Itakuwa nimekuja kuomba. Mkwe haombi kwa mama mkwe."

Hapo hasira ikakosa mahali pa kukaa. Kijana angekuwa mjinga, angemfokea. Angekuwa bahili, angemfukuza. Lakini alichofanya kilikuwa heshima tupu, heshima ileile aliyomsifia siku ya posa, na kidogo tu heshima hiyo imuue Lulu pale Buguruni. Unamfokeaje mtu kwa adabu yake?

"Lulu, shuka," alisema.

Akaingia bandani, akatoka na jeki na kisu cha mpira. Watu wa vibanda vya jirani waliacha kazi zao. Mama mkwe kushika gari la mkwewe mbele ya kadamnasi ni jambo ambalo Manzese ingelizungumza wiki nzima, naye alijua hilo. Akachutama kwenye tairi la kwanza, akabonyeza valvu mpaka upepo wote ukaisha, maana hata mwenye hasira hachani tairi lenye upepo. Kisha akachoma kisu ubavuni na kukivuta. La pili. La tatu. La nne. Abdulrahman alisimama na mikono nyuma.

Alipomaliza, akamsukumia matairi manne kutoka kwenye rafu yake, saizi ya kwenye kibandiko, moja baada ya jingine. "Funga," alisema. "Na hela yako nitaipokea yote, usinipunguzie hata senti."

Kisu kikiwa bado mkononi, akaenda nyuma ya msikiti. Valerian alikuwa anapigilia misumari kwenye katambuga. Alipomwona akasimama.

"Uliniambia unayakata," Hamida alisema. Hakusema kwa Kimakua. Lugha ya nyumbani aliona haimfai mtu huyu.

"Dada, tulia kwanza. Maisha magumu. Mtu kaja, kayaona, kayapenda. Mie sijamlazimisha mtu."

"Mwanangu alikuwa ndani ya gari lile. Na tumbo lake."

Valerian aliweka nyundo chini. Kisha akasema neno ambalo Hamida hajalisahau, na alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbusha. "Lakini dada, si ungeyachana?"

Kisu kilimwelemea mkononi. Akauliza seti zile tatu nyingine ziko wapi. Valerian akakuna kichwa. Moja alichukua mzee mmoja wa Vitz nyeupe. Nyingine sista fulani, anafanya kazi mjini. Ya tatu kijana anayebebaga watoto wa shule asubuhi. Majina hajui. Namba za simu hana.

Vitz nyeupe. Dar es Salaam.

Mjukuu alizaliwa salama, wa kike, na Abdulrahman alilipa matairi kwa awamu tatu bila kupunguza. Valerian alihama, wengine wanasema yuko Mbagala. Hamida hakumtafuta. Anachotafuta ni matairi kumi na mawili. Kila asubuhi, kabla ya kufungua banda, anakwenda pale magari yanapokwama kwenye foleni ya Morogoro Road na kupita kati ya vigari vidogo ameinama. Madereva wanampigia honi. Wengine wanapandisha vioo wakidhani ombaomba. Amempata yule mzee, ambaye alimsikiliza, akamshukuru, kisha akamwambia matairi bado ni mazima, atayatoa yakiisha. Hamida alimwomba huku analia kwa hasira, na taa zikawaka kijani, na mzee akaondoka nayo.

Sista na yule kijana wa watoto wa shule bado.

Juzi alikuwa anampeleka mjukuu kliniki, mtoto mgongoni mwake, Lulu pembeni. Walipofika kivuko cha waenda kwa miguu, kigari kimoja kikawasimamishia, na dereva akawapungia mkono wapite. Ndani kulikuwa na watoto wenye sare, wamebanana mpaka dirishani. Lulu akaanza kuvuka. Hamida hakuvuka. Alimwita Lulu arudi, akamfungua mtoto mgongoni, akampa, akalowesha ncha ya khanga kwa mate, akapiga magoti barabarani mbele ya gurudumu.