Mwalimu Aliyevaa Tai Kwenye Yadi ya Mbao

Juzi tumemzika mwalimu wa Mahongole. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua mimi si mtu wa kumsifia mtu kwa sababu tu amelazwa kwenye jeneza, na huyu pengine nisingemwandika kama nisingepata aibu msibani kwake. Alikuwa mwalimu wa muda wa Hisabati katika shule moja ya binafsi hapa Makambako. Mwalimu wa kudumu akienda kujifungua au kusoma, anaitwa yeye. Mwenyewe akirudi, anaambiwa asubiri tena. Miaka sita ya kuitwa na kusubiri, na hana hata karatasi moja yenye jina lake. Mimi niliyeishia darasa la nne, nikaanza kwa kubeba mbao begani mpaka leo malori yanapanga foleni getini kwangu, nilikuwa namcheka waziwazi.

Korona ilipofunga shule, walimu wa kudumu walikwenda kulima viazi huku majina yao yamebaki ofisini. Yeye aliambiwa na mkuu wa shule akae karibu na simu. Nikampa kazi ya kuhesabu mbao zinazopakiwa. Asubuhi ya kwanza akaja na shati jeupe, tai na viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa. Ilipofika saa nne vumbi la mbao limemfanya kama mtu wa mashine ya kusaga. Vibarua wakawa wanamtania kila siku kwa salamu ya huku kwetu, "Kamwene mwalimu, kengele bado?" Naye anawajibu bila kuinua kichwa, "Ikilia mtabaki na hesabu zenu." Nilipomuuliza kwa nini asivae ovaroli kama binadamu wengine, alisema wakimpigia ghafla hatapata muda wa kurudi Mahongole kubadilisha nguo. Nilitaka kumfanya msimamizi. Akakataa, eti msimamizi hawezi kuondoka kazini simu ikiita.

Shule zikafunguliwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, simu kimya. Mimi sina subira za wasomi. Nikampakia kwenye gari langu mpaka ofisini kwa mkuu. Mkuu alitupokea vizuri, akatuagizia chai, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mzee wangu, sisi hatujamfukuza. Nafasi yake haipo, kwa sababu haikuwahi kuwepo." Mwalimu alimshukuru, akamalizia chai yake. Njiani akaniomba nisimwambie mke wake, atamwambia mwenyewe. Kesho yake alikuja yadini bila tai, na siku hiyo hata vibarua hawakumtania. Usimamizi nilikuwa nimeshampa shemeji yangu, basi akaendelea kuhesabu mbao miaka yote hii, mpaka kifua kilipomlaza.

Sasa msibani yule mkuu akasimama na kutangaza kwamba shule imempoteza mwalimu wake mahiri, ameacha pengo kubwa. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama na suti yangu mpya, nikamuuliza mbele ya watu wote, "Mkuu, pengo gani tena, na nafasi ulisema haikuwahi kuwepo?" Watu wakaguna, nikajiona nimempata. Akanitazama kwa upole uleule. "Na kwako, mzee, alikuwa nani? Tuoneshe mkataba wake."

Mjane aliinua kichwa. Kati ya watu wote waliokaa pale, ni yeye aliyengoja jibu langu kwa hamu, maana ana watoto watatu na hajui atadai haki ya mumewe kwa nani. Nikakaa chini. Kwenye daftari langu marehemu aliandikwa kibarua, kama wote.

Fundisho nililolipata ni hili, na nawapa bure matajiri wenzangu wa mbao, wa malori na wa shule: tunaoajiri watu kwa mdomo ni ukoo mmoja, mwenye digrii na mwenye darasa la nne. Mjane nimeshamwandikia barua ya kukiri kwamba mumewe alikuwa mwajiriwa wangu, na ninajua imechelewa. Jumatatu niliwaita vibarua wangu wote nimpe kila mmoja mkataba wenye jina lake. Wa kwanza aliipokea karatasi, akaigeuza pande zote mbili, akaniuliza kosa lake ni nini.